Ukilia Usinitaje

Pale stendi ya Msamvu kila mwenye bidhaa ana spika. Muuza karanga ana spika, muuza dawa ya panya ana spika, na yule wa miwani ya jua naye anayo, kubwa kuliko meza yake. Ukisimama katikati yao utadhani watu wa Morogoro wamepewa midomo ya akiba. Lakini katika fujo yote hiyo ilikuwepo sauti moja iliyowafanya abiria wa Dodoma na wa Iringa wafungue vioo na kuchungulia. Ilikuwa sauti ya bibi kizee, nyembamba, yenye lafudhi ya milimani isiyofichika, ikisema: "Haiwashi? Haya njoo, mtani wangu, onja! Ukilia usinitaje!" Kisha kicheko kifupi cha mtu mwenye mapengo. Kisha inaanza upya.

Sauti ilikuwa ya Mama Cecilia, mkulima wa Mgeta. Spika ilikuwa ya binti yake Prisca, aliyeuza pilipili ya kusaga kwenye chupa ndogo, pilipili iliyochanganywa na matunda damu, yale mekundu yenye uchachu, kutoka shambani kwa mama. Pilipili yenyewe ilikuwa nzuri, sikatai. Lakini pilipili nzuri zipo nyingi. Kilichouza ni sauti, na Prisca alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Sasa, bibi yule hakuwa akimwita mteja. Alikuwa akimwita Kibwana.

Kibwana alikuwa na meza yake ng'ambo, upande wa pili wa njia ya mabasi, akiuza karanga na korosho. Yeye Mwislamu wa mjini mwenye asili ya Kinole, Prisca Mkatoliki wa Mgeta. Dini mbalimbali, milima ileile. Kwa Waluguru ukoo hufuata mama, na ukoo wa mama yake Kibwana na ukoo wa mama yake Prisca ni watani tangu zamani ambazo hakuna anayezikumbuka. Na utani kwa watu hawa si mzaha wa kupitisha muda. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, akamchukua kuku wako akamla, nawe ukacheka, kwa sababu siku ukifiwa yeye ndiye anayekuja mbio. Ndiye anayesimama mlangoni jeneza likitoka, akazuia njia, akamwigiza marehemu anavyotembea na anavyogomba, mpaka wanaolia wacheke huku machozi yanawatoka. Ndipo maiti anaporuhusiwa kupita. Msiba usio na mtani ni msiba wa mtu aliyeokotwa njiani.

Ile sauti ilipatikana hivi. Kibwana alikuwa amepanda na Prisca hadi Mgeta kwenye lori lililokuwa likifuata kabichi, akamsaidie kubeba matunda damu. Jikoni, Prisca aliwasha simu amrekodi mama yake akieleza jinsi anavyopika pilipili ile, asije akasahau. Kibwana akachovya kidole, akalamba, akatema mate nje.

"Mama, pilipili gani hii? Huu ni uji wa mgonjwa. Haiwashi!"

Na mama, bila hata kugeuka, akajibu yale maneno. Kibwana kwa ubishi akachota kijiko kizima. Alikohoa mpaka akapiga magoti, na mama akacheka mpaka akashika ukuta. Yote yaliingia kwenye simu.

Aliporudi mjini Prisca alimpelekea fundi wa simu rekodi ile, akamwambia amkate Kibwana mwanzo na mwisho, abaki mama peke yake. Kazi yenyewe haikuchukua hata muda wa kunywa soda. Rekodi nzima ilibaki kwenye simu yake, wala hakuifikiria tena.

Kibwana naye hakulala. Muda si mrefu spika yake ikawa inaita kwa sauti ya Mama Cecilia, na mwishoni ameongeza kilio chake mwenyewe: "Nimelia, mama! Nakutaja!" Akawa anaiuzia karanga za pilipili. Prisca alivuka, akachota karanga kwa mikono miwili bila kulipa, akamwita mwizi wa sanda. Kibwana akamwita mke wake aliyemshinda tabia. Wauzaji walicheka, makondakta wakacheka, na mama alipoambiwa kwa simu alicheka kuliko wote. "Mwache," alisema, "huyo ni mtani wangu, ale jasho langu. Na mimi siku yangu nitamla." Maneno hayo Prisca aliyasikia kwa masikio yake, na ninaomba yakumbukwe, maana ilifika siku akajifanya hayakusemwa.

Mambo yaliharibika Kibwana alipoanza kutengeneza pilipili yake mwenyewe. Chupa zilezile, kifuniko kilekile chekundu, na sauti ileile ya mama ikiipigia debe. Ingekuwa nzuri ningesema. Ilikuwa inachacha. Siku moja abiria wa basi la Dodoma alishuka na chupa iliyovimba kifuniko, akaipasua miguuni pa Prisca, akamtukana yeye pamoja na "huyo bibi yako mchawi wa kwenye spika". Prisca aliinama kuokota vipande mbele za watu. Kibwana hakuwepo, alikuwa amekwenda kuswali. Aliporudi, Prisca alimtazama akiketi. Angemwambia nini? Mtani ukimwambia umechukia, ndipo anapozidisha. Basi akanyamaza, akakaa na uchungu wake kama mtu aliyekalia mwiba akaona haya kuinuka.

Kama angepiga kelele siku ile, tungekuwa na hadithi nyingine, fupi na ya kuchekesha.

Baadaye ikaja semina ya wafanyabiashara wadogo, kwenye ukumbi mmoja huko Kilakala. Aliyefundisha alikuwa Wakili Yasmin, dada kijana mwenye sauti ya upole na subira ya kujibu swali moja mara nne. Aliwaambia kwamba lebo, picha, wimbo wa tangazo, vyote ni mali kama shamba lilivyo mali, na shamba lisilo na mpaka jirani atalima. Prisca akanyoosha mkono, akauliza kuhusu sauti iliyorekodiwa, na mwenzake anayeitumia.

"Inalindwa," Yasmin alimwambia. "Mama yako akiridhia, iandikishe, upate cheti cha kuonyesha. Na huyo mwenzako, ulimruhusu aitumie?"

"Aliichukua kwa utani."

"Hapo pana kazi, dada yangu. Mlicheka pamoja, hukulalamika. Ukisema ni utani, naye atasema ulimpa idhini, na anaweza kusikilizwa. Kwanza kaa naye chini. Mwambie waziwazi kwamba imetosha. Wengi huelewa."

Huo ulikuwa ushauri mzuri, na Prisca aliubeba nusu. Kukaa naye chini alikuacha palepale ukumbini. Alichoondoka nacho ni kimoja: usiseme ni utani.

Mama akaweka dole gumba kwenye karatasi alizoletewa, bila kuuliza sana, kwa kuwa aliyezileta ni mwanawe. Cheti kikatoka. Na Ijumaa moja asubuhi askari wawili wakavuka njia ya mabasi hadi kwenye meza ya Kibwana. Yeye akadhani ni wateja, akawapa karanga waonje.

Kituoni Kibwana alikuwa bado anacheka. "Afande, huyu mwanamke ananitania," alisema. "Akimaliza atanidai jogoo, nitampa, tutaondoka zetu."

Askari hakucheka. Aliisikiliza sauti kwenye simu, akairudia. "Humu bibi anasema 'mtani wangu'. Mtani gani huyo?"

"Si ndiye mimi!" Kibwana akajipiga kifua.

Askari akamgeukia Prisca. "Ni kweli? Huyu ni mtani wenu?"

Prisca aliviona tena vile vipande vya chupa. Alilisikia lile neno, mchawi, na nyuma yake sauti ya upole ya wakili. Akaona kwamba akisema ndiyo, kazi yote imekwenda na maji. Na kweli lilikuwa jambo dogo, neno moja tu mbele ya mtu asiyewajua.

"Hapana," alisema. "Hilo ni neno la biashara. Kila mteja ni mtani. Mimi na huyu hatuna utani."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Ni mfanyabiashara mwenzangu wa ng'ambo, basi."

Kibwana alimtazama usoni akingoja kicheko, kama mtu angojavyo chenji yake. Hakikuja. Askari akaandika. Akamuuliza Kibwana kama ana la kuongeza.

"Sina," Kibwana alisema. "Kama dada amesema hivyo, basi ni hivyo."

Dada. Tangu wajuane alikuwa amemwita mchawi, nyani wa Mgeta, mke aliyenishinda na mjane wangu mtarajiwa. Dada hajawahi. Prisca alilisikia neno hilo, na unajua alionaje? Aliona ameheshimiwa.

Kibwana akaweka sahihi kwamba hataitumia sauti ile tena. Spika yake ikabaki kituoni kama kielelezo, chupa zake zikamwagwa. Jumatatu alikuwa mezani pake, anauza karanga kwa mdomo wake mwenyewe, na Prisca alipopita akasimama kidogo. "Habari za asubuhi, dada." Na kesho yake hivyohivyo. Hakununa, hakusema neno la kisirani, wala hakugeuza uso. Sheria ilikuwa upande wa Prisca, tusimwonee, na biashara ilinyooka. Wateja hawakuchanganya tena chupa. Ila mchana, mabasi yakipungua, alijikuta hana wa kumtukana.

Mama aliteremka mjini siku moja kupimwa presha, akaketi nyuma ya meza ya mwanawe akijisikiliza kwenye spika na kutikisa kichwa kwa furaha. Macho yake yakawa yanakwenda ng'ambo.

"Kibwana hajaja kunitukana. Ana nini?"

"Ana shughuli nyingi, mama."

Kibwana alipomwona alivuka. Alivua kofia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama alijibu, akangoja, mdomo tayari umekaa mkao wa kucheka. Kibwana akamuuliza habari za Mgeta, akamuuliza afya, akamtakia safari njema, akarudi kwenye karanga zake. Mama alibaki na mdomo wake vilevile.

"Huyo anaumwa," alisema mwishowe. "Mtani hasalimii hivyo. Au mmegombana?"

"Hatujagombana."

"Maana huyo ndiye niliyemwachia mlango wangu. Nimeshamwambia, siku hiyo usinihurumie, sema yote, hata lile la mbuzi wa padre." Akacheka peke yake. "Nataka nitoke watu wanacheka."

Prisca aliinuka akaongeza sauti ya spika, kana kwamba kuna basi linaingia. Hakukuwa na basi. Aibu ilimpanda usoni, akashukuru kwamba amempa mama yake mgongo. Angeweza kuvuka siku ileile, na mama yupo, akayamaliza. Alijiambia atavuka kesho. Keshoye akajiambia Ijumaa. Ukishaanza kujiahidi namna hiyo, ujue umeshakataa.

Mama Cecilia alikufa masika, usingizini, nyumbani kwake.

Njia ya Mgeta ilikuwa tope tupu na malori yalikwama chini kabisa. Watu walipanda kwa miguu. Asubuhi ya mazishi wanawake wa ukoo walikuwa wameshaficha sufuria nzuri na kufungia kuku ndani, kama inavyopasa mtani anapotarajiwa, na dada mmoja alikuwa ameikalia khanga yake mpya isije ikachukuliwa. Walikuwa wanalia na huku wanatega masikio. Mtu akapiga kelele kutoka njiani: "Anakuja! Mtani huyo anakuja!" Hata Mjomba Elia, kaka wa marehemu na mkubwa wa ukoo, aliyekuwa hajainua uso tangu jana, aliuinua.

Kibwana alifika na viatu mkononi, kanzu imepandishwa juu ya tope. Aliteremsha kanzu, akanawa miguu, akavaa viatu. Akamwendea Prisca, akamshika mkono huku mkono wa pili ukiwa kwenye kiwiko chake mwenyewe kwa heshima.

"Pole sana, dada. Mungu ampumzishe mahali pema."

Akaenda kutoa rambirambi kwa waliokaa kupokea, akaketi kwenye benchi la majirani. Dada wa khanga alimtazama Prisca kwa mshangao. Prisca akatazama chini. Alijua. Kabla mtu yeyote pale hajajua, yeye alijua, akawa kama mtoto aliyevunja kitu, anayesikia hatua za mkubwa zikija.

Katekista alimaliza sala. Vijana wakainua jeneza, wakafika mlangoni, na hapo wakasimama wenyewe, kwa sababu ndipo pa kusimama. Mvua ilikuwa inanyesha juu ya bati. Wakangoja. Mmoja akabadilisha bega.

"Haya, mtani," Mjomba Elia alisema. "Mlango ni wako."

Kibwana akasimama pale benchini. "Shikamoo, mzee. Naomba radhi. Mimi nimekuja kama jirani wa stendi. Utani haupo. Dada alilisema hilo mbele ya askari, likaandikwa, nami nikaweka sahihi. Naogopa kukosea mara ya pili."

Alisema bila hasira. Kama angesema kwa hasira, watu wangepata pa kushika, wangemwambia tulia, leo ni siku ya msiba. Alisema kama mtu anayeomba apishwe. Uwanja mzima ukageuka ukamtazama Prisca, na hata waliobeba jeneza waligeuza shingo.

"Prisca," mjomba akaita. "Ulisema?"

"Nilisema, mjomba."

"Ulisema kwa kinywa chako kwamba sisi na watu hawa hatuna utani?"

"Ilikuwa kwa ajili ya kesi. Ya sauti ya mama. Alikuwa anaiuzia pilipili mbovu, mjomba, watu wakamtukana mama. Nilikuwa na haki."

"Sauti ulikuwa na haki nayo. Mama yako alikupa," mjomba alisema polepole. "Na utani, huo nani alikupa, mpaka ukaenda kuutoa?"

 Prisca alitaka ardhi ipasuke, na ardhi ya Mgeta hupasuka kweli masika, hubeba hata nyumba, lakini siku ile ilitulia tuli chini ya miguu yake. Akatoka katikati ya wanawake, akaenda hadi benchini, miguu mitupu kwenye tope, akasimama mbele ya Kibwana.

"Nakuomba," alisema. "Nitukane. Mama alikuachia mlango. Nitukane mimi, mtukane yeye, sema la mbuzi. Nakuomba."

Kibwana alitazama jeneza. Midomo yake ilicheza kidogo, na Prisca aliona kwamba neno lilikuwepo, lilikuwa limefika hadi kwenye meno.

"Utani hauombwi, dada," alisema. "Ukiuomba unakuwa kazi."

Mjomba Elia akapunga mkono. Jeneza likatoka. Likapita mlangoni bila mtu wa kulizuia, kama gunia la kabichi linavyotolewa stoo, na bibi aliyetaka kutoka watu wakicheka akatoka watu wakisikiliza mvua. Makaburini Kibwana alishika koleo na wanaume wengine, akafukia mpaka mwisho, akasawazisha udongo kwa mikono. Alifanya yote ambayo jirani mwema hufanya. Hakuna mtani aliyelala kaburini akagoma kutoka, hakuna aliyevaa gauni la marehemu. Wanawake walipika wakala wakaosha vyombo. Zile sufuria nzuri zilibaki zimefichwa chini ya kitanda, na kuku walisikika ndani, wakiwa wamefungiwa bure. Hakuna aliyemgombeza Prisca. Walimpa chakula, wakamwambia ale.

Alipomaliza msiba alirudi Msamvu. Siku ya kwanza hakuweza kuwasha spika. Alikaa nyuma ya chupa zake, akaifungua ile rekodi nzima iliyokuwa imebaki kwenye simu, akaisikiliza amejifunika khanga. Uji wa mgonjwa. Haiwashi. Kisha mama, kisha kikohozi, kisha kile kicheko chote, kirefu, ambacho fundi alikuwa amekikata kikabaki kipande. Alikuwa amesahau kwamba kilikuwa kirefu vile. Na kwa mara ya kwanza alisikia jambo ambalo hata cheti hakikulisema: mama yake peke yake hakuwa na la kusema. Alikuwa anajibu.

Basi kesho yake akaiweka rekodi yote kwenye spika, akaifungulia hadi mwisho. "Mama, pilipili gani hii? Huu ni uji wa mgonjwa!" Stendi nzima ikasikia bidhaa ya Prisca inatukanwa na spika ya Prisca. Makondakta wakaanza kucheka. Abiria mmoja akauliza kama huyo dada ana akili timamu. Yeye alisimama tu, anatazama ng'ambo, uso unawaka, na aibu ile aliitaka. Alitaka Kibwana aione.

Kibwana alikuwa anakunja gazeti la kufungia karanga. Mkono wake ukasimama. Aliisikiliza mara ya kwanza mpaka mwisho, akaisikiliza mara ya pili. Kisha akaweka gazeti chini, akangoja basi lipite, akavuka.

Moyo wa Prisca uliruka. Anakuja, alijiambia, anakuja kunitukana. Alikuwa ameshaandaa na la kumjibu.

Kibwana akasimama mbele ya meza, mikono ameikutanisha mbele. "Habari za asubuhi, dada."

"Nzuri."

"Kuna sauti yangu humo."

"Ipo, Kibwana. Ipo yote."

"Sikutoa idhini," alisema. "Naomba uitoe."

Prisca alimtafuta usoni. Alitafuta kwenye macho, akatafuta kwenye pembe za mdomo, pale mtani anapoficha kicheko chake, akatafuta muda mrefu kuliko inavyofaa mwanamke kumtazama mwanamume hadharani. Hakuona kicheko, na hakuona hasira pia. Aliona mtu mwenye adabu anayesubiri jibu.

"Nitaitoa," alisema.

"Nashukuru, dada."

Akarudi. Prisca hakwenda kwa fundi safari hii. Alibonyeza mwenyewe, akairudisha ile ya zamani, na spika ikaanza tena kama ilivyozoea.

Hadi leo biashara haijambo. Chupa zinatoka, cheti anacho, na hakuna mtu Msamvu anayethubutu kuigusa sauti ile. Haiwashi? Haya njoo, mtani wangu, onja! Kila ikifika kwenye "mtani wangu" Prisca huinua macho akatazama ng'ambo, na Kibwana huwa anamfungia mtu karanga.